Fumbo Lisilo na Mfumbuzi

Historia ya Mombasa ya karne ya 19 haimo katika barua za mabalozi peke yake. Imo pia katika tungo za Muyaka bin Haji, aliyewatetea Mazrui dhidi ya Sayyid Said wa Oman hadi mji ulipotekwa mwaka 1837. Lakini Muyaka alisema kwa mafumbo. Alipokwisha kufa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizikusanya tungo hizo, akamweleza mmisionari William Taylor ni nani aliyelengwa na kwa kisa gani. Hichens alizichapisha mwaka 1940, naye Abdulaziz akazichambua mwaka 1979. Pasipo Mwalimu Sikujua, wasomi hao wangeambulia vina na mizani tu.

Kwa hiyo, malenga wenzangu mtungao juu ya uchaguzi na ardhi, andikeni chini ya kila shairi mwaka, mahali na kisa. Wako watakaosema kwamba shairi likielezwa hupoteza utamu. Mbona Muyaka ameelezwa, na utamu wake ungalipo? Hasimu na afumbiwe. Mjukuu asinyimwe ufumbuzi.