Mahojiano ya kazi yanapima nini hasa?

Leo niseme wazi: mahojiano mengi ya kazi kwetu sisi waunda programu hayapimi kazi yenyewe.

Mwaka huu nimehojiwa na kampuni nne hapa Nairobi. Tatu zilinisimamisha mbele ya ubao niandike programu ya kupindua mti wa data, matawi ya kushoto yawe kulia. Na kazi iliyotangazwa? Kuunganisha duka la mtandaoni na M-Pesa! Ya nne ilinipa mradi wa wiki nzima bila malipo, kisha kimya hadi leo.

Ugonjwa huu si wetu pekee. Mwaka 2015 Max Howell, aliyeunda Homebrew, programu maarufu kwa watumiaji wa Mac, alilalamika hadharani kwamba Google ilimkataa kwa sababu ya mti kama huohuo.

Sisemi algorithimu hazina maana. Nilizisoma chuoni na zanifaa. Anayejua kugawa orodha iliyopangwa nusu kwa nusu atapata jina moja kati ya 1,000,000 kwa hatua zisizozidi 20. Asiyejua atapekua moja moja hadi mteja achoke. Lakini kuzielewa ni jambo moja, kuzikariri na kuzitapika kwa dakika 30 ni jingine. Hilo la pili humpendelea mwenye nafasi ya kujifungia miezi mitatu akifanya mazoezi. Mwenye kibarua mchana na watoto jioni afanyeje?

Ningekuwa mimi ndiye ninayehoji, ningeuliza hivi: mteja amelipa mara moja, lakini mtandao umeyumba na taarifa ya malipo imefika kwenye seva yako mara mbili. Utazuiaje asipewe bidhaa mara mbili? Wengi watasema wataangalia kwanza kama nambari ya muamala imesharekodiwa. Vizuri. Je, taarifa zote mbili zikifika kwa wakati mmoja? Anayejibu kwamba hifadhidata yenyewe lazima ikatae nambari iliyojirudia, huyo mwajiri leo.

Fundi seremala hapimwi kwa kutaja majina ya miti. Hupewa mbao aunge mguu wa kiti. Na akiunda kabati zima, alipwe.

Kwa hivyo ndugu msomaji, ukiitwa, uliza mapema utapimwa kwa nini na kwa muda gani. Nawe uliye upande wa pili wa meza, chukua tatizo lililokusumbua kazini mwezi uliopita, uliza hilo. Au mwaonaje?