Badilisheni Jina, Kazi Ibaki

Wenzetu wa mwaka wa tatu waliotengeneza programu huria ya kutunza hesabu za VICOBA wako njia panda. Programu yenyewe ni safi: mweka hazina anaingiza hisa, mikopo na faini, na mwisho wa mwaka mgao unatoka bila ugomvi. Tatizo ni jina. Walichukua herufi moja, wakaweka kistari, wakamalizia na "Pesa". Mhadhiri kawashtua kwamba linafanana mno na alama ya biashara ya huduma ya kampuni ya simu. Tangu siku hiyo vimbweta vimegawanyika. Wapo wanaotaka jina libadilishwe, na wapo wanaosema tusitishwe: programu ni ya bure, na "pesa" ni neno letu sote.

Mimi nasema libadilishwe, tena kabla semista haijaisha.

Kwanza, kutoa bure si kinga. Leseni huria, iwe GPL au MIT, inakupa ruhusa ya kutumia msimbo, kuurekebisha na kuusambaza. Haikupi jina la mtu mwingine. Hakimiliki inalinda kilichoandikwa. Alama ya biashara inamlinda mteja asichanganywe kuhusu nani yuko nyuma ya bidhaa. Mama wa kikundi kule Mandewa akiliona jina lile kwenye simu yake ataamini kampuni ya simu inahusika. Hesabu zikigoma, atakwenda kugombana na wakala asiyejua lolote. Na katika nchi ambayo meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" tunazipata kila wiki, kumzoesha mtu majina yanayofanana ni kumrahisishia tapeli kazi.

Pili, hoja ya Kiswahili. Hii ina uzito, siibezi. Neno la kawaida linaloeleza huduma yenyewe ni gumu kumilikishwa mtu mmoja, ndiyo maana huduma kadhaa za simu hapa nchini zina "Pesa" ndani yake. Lakini kinachopimwa ni jina zima, linavyoonekana, linavyosikika, na aina ya huduma. Sisi tunazungumzia fedha, tena kwenye simu. Na hata kama tungeshinda, wakili tutamlipa kwa bumu la nani?

Tatu, kubadili jina hakujaua programu nzuri. Wireshark tunayofungua kwenye vipindi vya mitandao iliitwa Ethereal hadi 2006. Mwanzilishi wake, Gerald Combs, alihama kazi na alama ya jina haikuwa yake. Akaondoka na msimbo, akaanza na jina jipya. Firefox ilianza kama Phoenix, ikawa Firebird mwaka 2003, na huko nako ikakuta mradi mwingine huria wenye jina hilo. Firefox ikaja 2004. Hata Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili iliyotoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004 kupitia mradi wa Kilinux, mama yake alikuwa na mkasa huu. Mradi mkuu ulilazimika kujiita OpenOffice.org kwa sababu "OpenOffice" tupu ilikuwa alama ya watu wengine. Mwaka 2010 wachangiaji wengi walipojitenga na Oracle, msimbo walikwenda nao, jina wakaliacha. Ndiyo LibreOffice ya leo.

Sasa hivi programu ya wenzetu inatumiwa na vikundi viwili. Kubadili jina ni kazi ya wikiendi moja: nembo, ukurasa wa GitHub, na kuwapigia simu viongozi wa vikundi. Vikifika mia mbili kuanzia Iramba hadi Manyoni, hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Ila safari hii wapekue kwanza BRELA. Na wasichanganye mambo: kusajili jina la biashara si kusajili alama ya biashara. Alama Tanzania Bara inadumu miaka 7 ya mwanzo, kisha inahuishwa kwa miaka 10. Zanzibar ina usajili wake.

Kuna swali moja ambalo vimbweta havijaliuliza, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Mahafali yakipita, wanne hawa watatawanyika. Jina jipya litakuwa la nani? La aliyefungua akaunti? La idara? La kikundi? Yaliyompata Combs yanaweza kuwapata. Kabla ya kuchora nembo, wakae, waandike karatasi moja, wote wasaini. Msimbo wameshautoa kwa kila mtu. Jina lazima liwe na mwenyewe, vinginevyo atajitokeza mtu wasiyemjua aseme ni lake.