Gitaa la Mtu wa Shoto

Mwezi huu naomba tuongee ya wakwe. Tulikuwa Nassa kwa mama mkwe wangu, siku nne. Sato wa kumwaga, maziwa ya mgando, upepo wa ziwa, raha tupu. Siku ya pili namkuta binti yetu wa miaka mitano kafungwa mkono wa kushoto kwa kipande cha kanga, anahangaika na tonge kwa mkono wa kulia huku machozi yanamtoka. Mama mkwe katulia zake. "Namfundisha adabu, mwanangu. Nani atamuoa huyu anayekula kwa kushoto?"

Nikamwangalia mume wangu. Kimya. Eti anatazama ziwa!

Tukanuniana mpaka siku ya kuondoka. Njiani kurudi Mwanza tukapumzika Kisesa, tukaingia makumbusho ya Bujora kuangalia ngoma za watemi wa Kisukuma. Hapo nikapata silaha. Enzi za uchumba wetu, huyu bwana alikuwa hamalizi soda bila kumtaja Jimi Hendrix. Nikamuuliza mbele ya zile ngoma: lile gitaa lako la makumbusho ya Seattle, lilipigwa kwa mkono gani?

Kwa wasiomjua, Hendrix ni Mmarekani mweusi aliyezaliwa Seattle mwaka 1942, na wapiga gitaa la umeme wa roki mpaka leo wanamvulia kofia. Gitaa lake jeupe, Fender Stratocaster, alilopiga kwenye tamasha la Woodstock Agosti 1969, limehifadhiwa mjini kwao, kwenye jumba ambalo siku hizi linaitwa Museum of Pop Culture. Jumba lilifunguliwa mwaka 2000 na marehemu Paul Allen, mmoja wa waanzilishi wa Microsoft. Kabla gitaa halijafika kwake, lilinadiwa London mwaka 1990 likaenda kwa pauni 198,000. Gitaa la kijana aliyefariki na miaka 27!

Sasa utamu wenyewe. Gitaa lile lilitengenezwa kwa ajili ya mtu wa mkono wa kulia, na jamaa alikuwa shoto. Basi akaligeuza juu chini, akafunga nyuzi upya ili uzi mnene ubaki juu, na kishikizo cha mkanda kikahamia pembe ya pili. Vitufe vya sauti, ambavyo kwa wenzake hukaa chini, kwake vikawa juu. Inasimuliwa kwamba hata baba yake hakuupenda ushoto ule, alitaka mtoto atumie kulia kama watu. Mzee yule angeshinda, Seattle wangehifadhi nini?

Nilitegemea ubishi. Mume wangu akautazama mkono wake wa kushoto, akaukunja, akaukunjua.

"Na mimi nilifungwa," akasema. "Kwenye kibaraza kile kile."

Miaka saba ya ndoa, sikujua! Mimi kila siku namcheka mwandiko wake, eti kama kuku kapita kwenye matope.

Jioni ile alipiga simu Nassa mwenyewe, bila kusukumwa. Wakaongea Kisukuma weee, sikuambulia kitu. Akaniletea majibu: kula na kupokea vitu, mkono wa kulia, penseli, mtoto ashike anavyotaka.

Ya penseli nimepokea. Ya kula bado, na Desemba tunarudi Nassa.