Karani Anasema: Jina Liko Daftarini, Mwenyewe Yuko Wapi?



Jumamosi iliyopita alifika ofisini kijana mmoja kutaka cheti cha ubatizo, kwa kuwa yu karibu kufunga ndoa. Nikamkumbusha kwamba yeye na mchumba wake hawana budi kuhudhuria mafundisho ya ndoa. Akacheka. "Mwalimu," akaniambia, maana wengi hapa huniita hivyo kwa ajili ya chuo nilichosomea, "mtatufundisha nini juu ya uzazi? Kule Marekani wanawake Wakatoliki 98 katika 100 wanazuia mimba. Mafundisho hayo yamekwisha kufa." Akanionyesha habari hiyo katika simu yake.

Alipokwenda zake niliyafikiri maneno yake, kwa maana kazi yangu ni kuandika watu katika vitabu.

Sheria ya Kanisa, kanuni ya 535, inaagiza kila parokia iwe na vitabu vya waliobatizwa, vya ndoa na vya marehemu. Katika kitabu cha ubatizo, pembeni mwa jina, huongezwa habari za kipaimara na za ndoa. Basi daftari hunijulisha nani alibatizwa, siku gani, na nani alimsimamia. Halinijulishi kama anasali, wala kama anamheshimu mkewe. Tunao Wakristo tunaowaona kanisani mara tatu tu: wakibatizwa, wakifunga ndoa na wakizikwa, na safari ya tatu huja wamebebwa. Lakini daftarini wamo wote, sawasawa na bibi anayesali Rozari kila jioni.

Hesabu ile ya 98 nayo ni daftari la namna hiyo. Ilitolewa mwaka 2011 na taasisi ya Guttmacher ya Marekani. Waliohesabiwa ni wanawake waliojitaja kuwa Wakatoliki na waliokwisha kukutana na mwanamume, na swali lilikuwa kama wamewahi wakati wowote kutumia njia nyingine, isiyo ile ya asili. Aliyetumia mara moja akaacha, naye yumo. Kwa hiyo si kweli kwamba 98 katika 100 wanatumia leo.

Lakini tusishangilie upesi, ndugu msomaji. Taarifa ile ile ilisema kwamba hata kati ya wale waendao kanisani mara kwa mara, wanaofuata njia ya asili ni wachache sana, kama 2 katika 100. Basi hatuwezi kusema kwamba Mkatoliki wa jina ndiye avunjaye, na yule akaaye benchi la mbele ndiye ashikaye. Wala wingi wa watu haubadili ukweli. Darasa zima likikosa hesabu, mwalimu habadili jibu. Ila mwalimu mwema hujiuliza: je, niliwafundisha vema?

Hapo ndipo nilipo na neno. Wengi wanaoyakataa mafundisho haya hawajayasoma, na wengi wanaojisifu kuyashika hawajayasoma pia. Tuyatazame kwa kifupi.

Mwaka 1930 Baba Mtakatifu Pius XI alikataza kuzuia mimba kwa hila katika tendo la ndoa. Mwaka 1963 Yohane XXIII aliunda tume ya kulichunguza jambo hili, na Paulo VI akaongeza watu wengine, wakiwamo waganga na watu wa ndoa. Mwaka 1966 walio wengi katika tume waliona yafaa katazo lilegezwe. Paulo VI hakukubali. Tarehe 25 Julai 1968 alitoa waraka uitwao Humanae Vitae, akifundisha kwamba kila tendo la ndoa lisifungiwe uhai kwa makusudi. Kelele zilikuwa nyingi, hata kati ya mapadre na wataalamu wa elimu ya dini.

Lakini waraka ule hausemi, "Zaeni bila kufikiri." Fungu la 10 linafundisha kwamba wenye ndoa, kwa sababu nzito, waweza kuamua kutoongeza mtoto kwa muda fulani, au hata kwa muda usiojulikana. Fungu la 15 linaruhusu dawa inayohitajika kutibu ugonjwa, hata ikiwa itazuia uzazi, mradi hilo silo linalokusudiwa. Fungu la 16 linawaruhusu wenye sababu nzito kukutana katika siku ambazo mke hashiki mimba. Na fungu la 25 linawaambia walioanguka wasikate tamaa, bali wairudie tena na tena huruma ya Mungu katika kitubio.

Sasa nikiri kosa langu. Yuko mama mmoja parokiani mwetu, ambaye ameniruhusu niandike habari zake bila jina. Ana watoto sita, na watatu kati yao walizaliwa kwa upasuaji. Mganga alimwonya kwamba mimba nyingine yaweza kumwua. Baada ya hapo nikaona hakomunyi tena, huketi tu nyuma. Mimi nikasema mbele ya watu, "Huyo sasa ni Mkatoliki wa jina." Neno likafika masikioni mwake, maana ulimi hauna mfupa.

Baadaye alimweleza mke wangu. Alikuwa amemsihi mumewe wajifunze njia ya asili, na mume akajibu kwamba hakutoa mahari ili apangiwe siku. Mama yule akaogopa kufa na kuwaacha watoto, akaenda kuchomwa sindano kwa siri. Kila Jumapili alikuja Misa, akalia moyoni, asithubutu kukaribia meza ya Bwana. Na mumewe? Ni kiongozi wa jumuiya, na alikomunika kila Jumapili bila wasiwasi. Nakuuliza, msomaji: kati ya hao wawili, nani alikuwa Mkatoliki wa jina?

Sisemi kwamba sindano ile ikawa halali. Nasema kwamba mzigo wa watu wawili alitwikwa mmoja, nasi tukamcheka kwa kuyumba. Njia ya asili haiwezekani kabisa pasipo mwanamume kujizuia. Waganga wawili wa Australia, John Billings na mkewe Evelyn, wanajulikana kwa kufundisha watu wa ndoa kuzitambua dalili za mwili wa mwanamke. Lakini mke aweza kuzijua dalili zote, na mume asiposikia, elimu hiyo yamsaidia nini?

Usiku ule mke wangu aliniuliza, "Na wewe karani, umejifunza lini?" Sikuwa na jibu. Tulikuwa na watoto wanne, nami nilijua tu kuandika majina yao. Tukaenda kwa sista mmoja mwuguzi, akatufundisha kujaza kadi kila siku. Si rahisi. Ziko siku nilizonuna kama mtoto. Lakini nimejifunza kumwuliza mke wangu habari zake, jambo nililokuwa sifanyi.

Mama yule nilimwomba radhi mbele ya wale wale walionisikia. Paroko amezungumza na wote wawili, na mume sasa hufuatana na mkewe hospitali amsikie mganga kwa masikio yake. Yaliyosalia ni yao na Mungu.

Basi, ndugu yangu, usipime ukristo wa jirani kwa kuchungulia chumbani mwake, wala kwa kuhesabu nani amekomunika. Pima wako. Kama una mke, muulize leo ana hofu gani. Kama una shaka juu ya mafundisho, nenda kwa padre ukiwa na shaka yako mkononi, hatakufukuza. Na kama afya ya mama imo hatarini, msimfiche mganga wala padre.

Kijana yule wa simu nimekwisha kumwandika katika orodha ya mafundisho, yeye na mchumba wake. Tunaanza Jumamosi saa tisa alasiri. Nimemwambia asimtume bibi arusi peke yake. Waje wote wawili.

Wenu katika Kristo,
Karani wa Parokia