Usaha Usio na Kijidudu

Mtu akiamka na ngozi imewiva kwa wekundu, kisha vipele vidogo vyenye usaha vikamtapakaa tangu kifuani hadi mapajani, na homa ikampanda hata mwili ukamtetema, aghalabu walio karibu naye hujitenga. Hutengwa kikombe chake, hutengwa na mkeka wake, na habari za ndui, walizozisikia kwa wazee wao, hurudi vinywani. Wala si ajabu, kwa kuwa tumelelewa katika dhana kwamba penye usaha pana kijidudu, na penye kijidudu pana kuambukizana. Lakini yako maradhi ambayo usaha wake, ukitwaliwa ungali safi ndani ya kipele na kuchunguzwa kwa hadubini, hauonyeshi kijidudu hata kimoja: nayo ni soriasisi ya usaha ya mwili mzima, aliyoieleza tabibu Leo von Zumbusch mwaka 1910, ambayo ijapokuwa ni adimu, huweza kumwua mtu asipowahiwa.

Kwa miaka 100 matabibu waliijua sura yake wasiijue asili yake. Mwaka 2011 fumbo hilo lilianza kufumbuka, na ufunguo wake ulitoka katika damu ya aila 9 za Tunisia, ambazo maradhi haya yalikuwa yakiwapata watu zaidi ya mmoja katika kila aila. Slimane Marrakchi wa Sfax, pamoja na wataalamu wenzake wa Tunisia na Ufaransa, walikuta kwa wagonjwa hao kasoro katika jeni iitwayo IL36RN, waliyoirithi kwa baba na kwa mama pia. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Na mwilini mwetu imo mbiu kama hiyo, jina lake interlukini-36, ambayo huziita chembe nyeupe za damu zije kuilinda ngozi, na iko protini nyingine, itokanayo na jeni hiyo, ambayo kazi yake ni kuinyamazisha. Kwa wagonjwa hawa mnyamazishaji huyo ni dhaifu au hayupo, basi mbiu hulia pasipo jambo, chembe hukusanyika pasipo adui, na mkusanyiko huo ndio usaha tunaouogopa. Si kila mgonjwa ana kasoro hiyo, lakini njia ilikwisha kuonekana.

Kwa njia hiyo ilipatikana dawa, spesolimabu, inayoziba sikio la chembe lisiisikie mbiu. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2021, wagonjwa 35 walitiwa dawa hiyo mshipani mara moja, na baada ya juma moja 19 kati yao hawakuonekana na kipele chochote cha usaha, ilhali kati ya 18 waliopewa maji yasiyo na dawa ni mmoja tu aliyepata nafuu hiyo. Haikukosa taksiri, maana waliotibiwa walipatwa na maambukizo zaidi kuliko wenzao. Hata hivyo Marekani iliiidhinisha Septemba 2022.

Hapa ndipo ninapoona deni. Elimu iliyochotwa katika damu ya Waafrika imezaa dawa ambayo Mwafrika wa kawaida hawezi kuinunua, na insafu yataka walionufaika wakumbuke kisima walikoteka. Najua atakayeniambia kwamba malaria inaua watoto wetu, na kwamba maradhi adimu ni anasa ya matajiri. Simkatalii kuhusu malaria. Namkumbusha tu kwamba sehemu kubwa ya ninayoyataka haihitaji mali nyingi. Nataka tabibu wa wilaya aijue ngozi, kama wanavyofundishwa kuijua, tangu mwaka 1992, wanafunzi wa nchi mbalimbali za Afrika katika kituo cha mafunzo ya ngozi kilichopo Moshi. Nataka dawa za zamani, kama methotreksati na saiklosporini, zisikosekane hospitalini. Nataka watu waache kujinunulia vidonge vya steroidi madukani kama wanunuavyo peremende, kwa sababu mwenye soriasisi akivimeza kisha akaviacha ghafla, huenda akayaamsha maradhi haya haya. Na nataka matabibu wetu waandike habari za wagonjwa wao na nasaba zao, kwa idhini na kwa siri, kwa sababu lau wale wa Tunisia wangaliandika dawa tu na kuzitupa habari, hata leo tungalikuwa tunapapasa gizani.

Wala lisingoje serikali lile lililo dogo kuliko yote, ambalo halina bei: tabibu akikwisha kutuhakikishia kwamba usaha wa mgonjwa hauna kijidudu, tumrudishie kikombe chake, tukaketi naye mkekani.