Ufini Si Theluji na Baba Krismasi Tu: Majibu kwa Madai Saba

Mtu akitangaza barazani kwamba anakwenda kutembea Ufini, hukatizwa kabla hajamaliza kusema. Mmoja atamtisha kwa baridi, wa pili kwa bei, wa tatu kwa ukimya wa wenyeji. Lisemwalo lipo, na pale penye ukweli nitaukubali. Ila mengi ya madai haya yamezaliwa na kosa moja: watu hutafuta Ufini vitu vya kutazama kwa mbali na kupiga picha, ilhali utajiri wa nchi ile uko katika mambo ambayo wenyeji wenyewe wanayatumia hadi leo. Tuyajibu moja baada ya jingine.

Dai la kwanza: "Kule ni theluji na giza mwaka mzima."

Giza lipo. Utsjoki, pembe ya kaskazini kabisa, jua likizama mwishoni mwa Novemba halichomozi tena hadi katikati ya Januari. Helsinki nako, mchana mfupi kabisa wa Desemba hautimizi hata muda wa saa sita. Lakini jua hilohilo hulipa deni lake lote. Utsjoki halizami kabisa tangu katikati ya Mei hadi mwishoni mwa Julai, na Helsinki mwezi wa Juni mchana hukaribia saa 19. Kwa sisi tuliozoea magharibi kuingia wakati uleule kila siku ya Mungu, kukaa kando ya ziwa saa nne na nusu usiku ukisoma gazeti bila taa ni jambo la kukumbukwa maisha. Muislamu aulize mapema misikiti ya huko inafuata ratiba gani ya sala. Naye anayetaka kuona mianga ya kijani ikicheza angani aende kaskazini kati ya Septemba na Machi, atenge usiku kadhaa, maana wingu likitanda mianga haionekani.

Dai la pili: "Ni nchi changa, haina historia."

Dola ndiyo changa. Uhuru ulipatikana mwaka 1917. Ardhi na watu wake ni wa kale. Sammallahdenmäki, karibu na Rauma, kuna makaburi 36 ya mawe yaliyorundikwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Katika Rauma yenyewe, mji mkongwe una majengo ya mbao yapatayo 600, na watu wanalala, wanapika na kufanya biashara humo, kama ilivyo Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja.

Mfano ulio karibu zaidi ni Suomenlinna, ngome ambayo Waswidi walianza kuijenga mwaka 1748 juu ya visiwa vilivyo mbele ya Helsinki. Kivuko hutoka ufukoni mwa soko kuu na kufika kwa robo saa hivi. Abiria wake si watalii peke yao: utamwona mama na mifuko ya sokoni, mtoto na begi la shule, fundi na sanduku la vifaa. Watu wapatao 800 wanaishi ndani ya ngome hiyo, na kuna hata gereza la wazi ambalo wafungwa wake husaidia kukarabati kuta za zamani. UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1991, na maisha hayakusimama.

Dai la tatu: "Kaskazini hakuna ila Baba Krismasi."

Dai hili linaniuma kuliko yote. Rovaniemi kweli kuna kijiji cha Baba Krismasi, na mwenye watoto hatajuta kuwapeleka. Lakini kaskazini ni nchi ya Wasami, wenyeji wa asili waliokuwapo kabla ya mipaka ya Ufini, Uswidi, Norwei na Urusi kuchorwa. Upande wa Ufini wanafikia 10,000 hivi, na zinasemwa lugha tatu za Kisami.

Tatizo ni kwamba kwa miaka mingi watalii wameonyeshwa watu wasio Wasami wakiwa wamevaa nguo za kuigiza za Kisami, wakicheza "matambiko" yaliyotungwa kwa ajili ya kamera. Sisi tunalijua jambo hili. Tumeona shuka la Kimaasai likivalishwa mtu yeyote ili mgeni apate picha, huku Mmaasai mwenyewe hapati senti. Bunge la Wasami lilichoka, na mwaka 2018 likatoa kanuni za utalii unaoheshimu utamaduni wao. Kwa hiyo fika Inari, ingia makumbusho ya Siida, usikie habari za Wasami kutoka kwao wenyewe. Ukinunua kisu, mkoba au kikombe cha mti, tafuta alama ya Sámi Duodji, inayothibitisha kuwa kazi ni ya mikono ya Wasami. Hapo fedha yako imefika panapostahili.

Dai la nne: "Sauna ni mambo ya uchi, si ya watu wenye haya."

Nchi ya watu milioni tano na nusu ina sauna zinazokadiriwa kufika milioni tatu. Humo wanawake wa zamani walijifungulia, humo maiti zilioshwa, na Wafini wana msemo kwamba mtu akae ndani ya sauna kama akaavyo kanisani. Mahali pa namna hiyo hapawezi kuwa pa utovu wa haya. Mwaka 2020 UNESCO iliuorodhesha utamaduni huu kuwa urithi wa wanadamu wote.

Nenda Rajaportti, mtaa wa Pispala mjini Tampere, sauna ya umma inayotumika tangu 1906. Wanaume wana chumba chao, wanawake wana chao. Unaoga kwanza, kisha unapanda kwenye vibao vilivyopangwa ngazi ngazi, cha juu ndicho cha moto zaidi. Jiko la mawe limewashwa kwa kuni tangu mapema. Mmoja huchota maji kwa kata, huwauliza wenzake kama wako tayari, ndipo huyamwaga juu ya mawe. Ule mvuke unaofumka na kukufunika mabega huitwa löyly. Baada ya hapo kila mtu hunyamaza kidogo, kisha mazungumzo huanza, na mgeni huingizwa bila kuulizwa cheo wala kazi. Katika zile sauna ambamo wanaume na wanawake huketi pamoja, watu huvaa nguo za kuogelea. Mwenye kuona vigumu ajifunge taulo, hakuna atakayemshangaa. Watu tulio na mabafu ya kale ya Hamamni na Kidichi huko Unguja hatuna sababu ya kuiona sauna kuwa kitu kigeni.

Dai la tano: "Ni ghali mno."

Hoteli na mikahawa ya jioni ni ghali, sipingi. Basi kula mchana: siku za kazi mikahawa mingi hutoa lounas, chakula cha mchana cha bei moja, mara nyingi pamoja na saladi, mkate na kahawa. Maji ya bomba ni safi, usinunue ya chupa. Kivuko cha Suomenlinna hupandwa kwa tiketi ileile ya tramu. Maktaba ya Oodi, iliyofunguliwa Desemba 2018 ikitazamana na Bunge, haina kiingilio. Humo wananchi hushona kwa cherehani na kurekodi muziki, wengine husoma magazeti. Na sheria za nchi humruhusu kila mtu, mgeni pia, kutembea msituni, kulala katika hema na kuchuma uyoga na matunda madogo ya mwituni bila kumwomba mwenye ardhi, ilimradi asisogelee nyumba za watu wala asiwashe moto bila ruhusa.

Dai la sita: "Wenyeji hawana ukarimu, na mtu mweusi hatakiwi."

Hapa kuna mambo mawili, yasichanganywe. Ukimya si dharau. Mfini asiyekusemesha ndani ya basi anakuheshimu kwa namna yake. Muulize njia, atasimama na kukuelekeza hadi uelewe. Ubaguzi ni jambo jingine, nao upo. Mwaka 2018 Shirika la Haki za Msingi la Umoja wa Ulaya lilichapisha utafiti uliofanyika katika nchi 12. Huko Ufini asilimia 63 ya watu wenye asili ya Afrika waliohojiwa walisema wamenyanyaswa kwa sababu ya rangi yao katika miaka mitano iliyotangulia, kiwango cha juu kuliko nchi zote hizo. Msafiri ana haki ya kulijua hilo. Lakini nchi si ya wabaguzi wake peke yao, na kuwaachia wao waamue nani aione ni kuwapa ushindi wasioustahili.

Dai la saba: "Haituhusu sisi."

Akseli Gallen-Kallela ndiye mchoraji aliyewapa Wafini sura za mashujaa wa Kalevala, mashairi ya masimulizi ambayo Elias Lönnrot aliyakusanya vijijini na kuyachapisha mwaka 1835. Mwaka 1909 Gallen-Kallela aliichukua familia yake, akavuka bahari hadi nchi inayoitwa leo Kenya, akaishi huko zaidi ya mwaka. Alikuja katika enzi ya ukoloni, akawinda na kukusanya vitu kama wageni wa wakati ule, na hilo halifichiki. Lakini pia alichora picha zaidi ya 150, kwa rangi kali kuliko alizokuwa amezizoea. Nyumba yake ya Tarvaspää huko Espoo, jirani na Helsinki, sasa ni makumbusho. Uliza kwanza kama iko wazi.

Alifika kwetu, akakaa na kutazama hadi rangi zake zikabadilika. Nasi tukienda kwao tutenge siku za kutosha: za kupanda kivuko pamoja na wenye mifuko ya sokoni, za kukaa kwenye kibao cha sauna, za kumsikiliza Msami akieleza mambo yake. Picha za kamera zitapatikana baadaye.