Udhuru wa "Sikumwona"

Katika nyudhuru zote zitolewazo mbele ya askari wa barabarani na mahakimu wa nchi hii, hapana udhuru mwepesi wala uliochakaa kuliko neno hili moja: "Sikumwona." Dereva amempiga mpanda pikipiki, pikipiki imelala ubavu kando ya njia, viatu vya abiria vimetupwa mbali na miguu yake, na dereva amesimama, funguo mkononi, akisema sikumwona. Hasemi uongo. Hiyo ndiyo ajabu ya neno lenyewe, kwamba aghalabu ni kweli tupu. Lakini ukweli huo, ambao yeye auleta kama ngao, mimi nausoma kama shtaka. Nia yangu katika kurasa hizi ni kuuvua udhuru huo vazi la heshima ulilovikwa, ili vijana ambao karibu watashika usukani wasije wakaurithi.

Nachukua mfano wa Kahawa Wendani, mtaa ulio kando ya barabara ya Thika, katika Kaunti ya Kiambu, mbele ya Githurai na kabla ya Ruiru kwa mtu atokaye Nairobi. Jina lake la kwanza ni ukumbusho wa mibuni iliyojaza mashamba ya pande hizo zamani. Jina la pili, kwa Kikikuyu, lina maana ya kupendana. Barabara ipitayo hapo haina habari ya maana hiyo. Ilianza kujengwa upya mwaka 2009, ikafunguliwa na Rais Mwai Kibaki mwezi wa Novemba 2012. Urefu wake ni kama kilometa 50, na sehemu zake zilizo pana kuliko nyingine zina safu nane za magari. Ni kazi kubwa, na mwenye kuibeza hana shukrani. Lakini kando ya safu za mwendo wa kasi zimewekwa njia za pembeni, na katika njia hizo ndimo yanamopita maisha ya Wendani. Humo matatu husimama kupakia, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta huenda na kurudi, wauza matunda hupanga bidhaa zao, mikokoteni husukumwa, na pikipiki huingia na kutoka kama sindano katika nguo. Dereva aachaye safu za kasi na kuingia hapo hutakiwa abadili njia, mwendo na moyo, vyote kwa mara moja. Wengi hubadili njia tu.

Pikipiki hazikuja hapo kwa upuuzi. Kazi ya bodaboda ilianza kwa baiskeli katika mpaka wa Kenya na Uganda, pande za Busia, miaka ya 1960, na jina lake limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, na tangu hapo zikaenea nchi nzima, mijini na mashambani. Zilikuta kazi inazingoja. Matatu humshusha abiria kituoni, lakini nyumba yake i ndani, mwisho wa njia ya vumbi ambayo matatu haiingii. Mama mwenye mtoto mgonjwa usiku, muuguzi atokaye zamu, fundi mwenye mfuko wa vyombo, mwanafunzi aliyechelewa kengele: hawa wote hupanda pikipiki kwa sababu ndiyo iliyopo. Asemaye, "Na waache kuzipanda," kwanza na atuambie watakwenda na nini. Mara nyingi msemaji wa maneno hayo husema akiwa ndani ya motokaa yake, madirisha yamefungwa.

Sasa tuuchunguze udhuru wenyewe. Kuona ni kazi ya jicho na akili kwa pamoja, na akili hulituma jicho likatafute kile inachokitarajia. Dereva afikapo mahali pa kuingilia barabara hutafuta kitu cha kuogopa: lori, basi, matatu yenye mwendo. Asipokiona husema moyoni kwamba njia ni tupu, hali pikipiki inakuja. Tena pikipiki itazamwapo kwa mbele ni nyembamba, na kitu chembamba kitokacho mbali huonekana kana kwamba kinakuja polepole kuliko mwendo wake halisi. Basi hata dereva aliyeiona hudhani anao muda, akaingia. Tena ziko zile nguzo mbili zinazoshika kioo cha mbele cha motokaa, moja kulia na moja kushoto. Kila mojawapo yaweza kuficha pikipiki, mpandaji na abiria wake, wote watatu, ikiwa dereva hakusogeza kichwa chake hata kidogo.

Mambo haya si siri mpya. Katika nchi ya Marekani, mtaalamu Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walichunguza ajali 900 za pikipiki zilizotokea Los Angeles na pande zake, wakaenda hata mahali zilipotukia, na taarifa yao ikatolewa mwaka 1981. Katika ajali zilizohusu pikipiki na gari jingine, waliona kwamba theluthi mbili zilisababishwa na dereva wa gari kuingia katika njia ambayo haki ya kupita ilikuwa ya mwenye pikipiki. Na sababu iliyoongoza nyingine zote ilikuwa hii hii tunayoizungumza: madereva hawakuzitambua pikipiki katikati ya magari. Los Angeles si Ruiru, na desturi za huko si zetu. Lakini jicho la binadamu ni lile lile, na nguzo ya kioo ni ile ile.

Ikiwa basi udhaifu wa macho yetu umejulikana muda wote huo, nani aliye na ruhusa ya kuushangaa leo? Mwenye mbwa mkali hasemi mbele ya hakimu kwamba hakujua kama mbwa huuma. Ajuaye kwamba kioo chake kina pembe ya giza ana wajibu wa kusogeza kichwa. Ajuaye kwamba kitu kidogo hudanganya mwendo wake ana wajibu wa kungoja nukta mbili zaidi. Hazimgharimu senti. Neno "sikumwona" laweza kumwokoa mtu aliyepofuka ghafula njiani, kwa wengine wote tafsiri yake ni "sikutazama."

Na wako wasiotazama kwa kusudi. Motokaa iendayo kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 na zaidi katika kila nukta moja. Dereva ainamapo kusoma ujumbe katika simu yake kwa nukta 3 tu, amekwenda mita 66 akiwa kipofu wa hiari. Wewe msomaji uliyefundishwa hesabu, kapime mita 66 katika uwanja wa shule yako, ufumbe macho, na ujaribu kuzitembea wenzako wakicheza mbele yako. Kisha kumbuka kwamba wewe una kilo 50 au 60, na kwamba matatu iliyojaa abiria ina uzito wa zaidi ya tani 2.

Sheria nayo haikunyamaza. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, katika kifungu cha 49, humhesabu kuwa mkosaji mtu yeyote aendeshaye gari bila uangalifu unaopasa, au bila kuwajali watu wengine watumiao barabara. Sheria hiyo hiyo humtaka mpanda pikipiki avae helmeti na koti lenye kung'aa, asipakie zaidi ya abiria mmoja, na ampe abiria wake vifaa hivyo pia. Nazitaja amri hizi mbili pamoja ili muone jinsi tulivyozitumia. Ile ya koti tunaijua sote, na askari huiulizia kila asubuhi. Ile ya kuwajali wengine hukumbukwa baada ya maziko. Tumemvika mtu mmoja nguo ya kung'aa ili aonekane, na mwenzake tumemsamehe kutazama.

Nasikia jibu linakuja: wapanda pikipiki wenyewe je? Sitawatetea. Wako wapakiao watu watatu na gunia juu yake. Wako waendao kinyume cha magari katika njia za pembeni. Wako wapandishao pikipiki juu ya madaraja ya waendao kwa miguu, wakawasukuma wazee ukutani. Wako waendao usiku bila taa. Wako pia wale ambao ajali ikitokea hukusanyika kama nyuki, wakamhukumu dereva papo hapo kwa mawe na moto, hata asiye na kosa. Uovu huo ni uovu. Mwezi wa Machi 2022, baada ya mwanamke mmoja mwenye motokaa kudhulumiwa na kundi la wapanda pikipiki mjini Nairobi, nchi nzima ilipaza sauti, na Rais Uhuru Kenyatta akaamuru wapanda pikipiki wasakwe na kuandikishwa upya. Sauti hiyo ilikuwa ya haki. Ninachouliza ni kwa nini haisikiki siku nyingine. Kwa hesabu ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, watu 4,748 walikufa katika barabara za Kenya mwaka 2024. Waendao kwa miguu ndio waliokuwa wengi kuliko wote, na wapanda pikipiki wakafuata nyuma yao. Hao ni watu wasiokuwa na bati la kuwafunika. Kosa la mpanda pikipiki mmoja wa Githurai haliwezi kuwa hati ya kumwua mwingine wa Wendani aliyekuwa upande wake, taa zikiwaka, koti likimeta.

Helmeti ni jambo jema, nami sina neno nayo. Historia yake inastahili kujulikana. Mwezi wa Mei 1935, T. E. Lawrence, yule Mwingereza aliyepata sifa katika vita vya Waarabu na Waturuki, alikuwa juu ya pikipiki karibu na nyumba yake huko Dorset. Akajaribu kuwaepuka vijana wawili waliokuwa juu ya baiskeli, akatupwa chini, akafa baada ya siku sita. Kichwa chake kilikuwa wazi. Daktari Hugh Cairns, mmoja wa waliomtazama, hakuridhika na kusema kwamba ni amri ya Mungu. Alichunguza vifo vya wapanda pikipiki, akaandika mwaka 1941 juu ya faida ya helmeti, na mwaka 1973 Uingereza ikafanya kuivaa kuwa sheria. Uchunguzi wa madaktari uliotolewa mwaka 2008 uliona kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Basi mwanafunzi apandaye pikipiki bila helmeti kwa sababu itamharibia nywele amefanya biashara mbaya. Lakini helmeti huanza kazi yake baada ya dereva kumaliza ya kwake. Haisukumi matatu nyuma, wala haifuniki goti.

Na goti ndilo hasa. Watu huhesabu waliokufa, kisha hesabu hukoma. Motokaa impigapo mpanda pikipiki ubavuni, mguu ndio unaobanwa baina ya vyuma viwili, na mfupa wa muundi uvunjikao hivyo huchukua miezi kupona, ukipona. Pikipiki nyingi za bodaboda hununuliwa kwa mkopo unaolipwa kidogo kidogo kila siku. Mwenyewe alalapo hospitalini na vyuma mguuni, mkopo haulali: siku ya kwanza haikulipwa, wiki ya pili haikulipwa, na pikipiki, ikiwa bado yafaa kitu, hurudishwa kwa mwenye mkopo. Karo ya watoto ilikuwa juu ya gurudumu lile. Kodi ya chumba nayo ilikuwa hapo. Mke aliyekuwa akiuza mboga sasa hushinda hospitalini. Mwezi wa tatu ukifika, kijana wa darasa la mbele yako hayupo tena darasani, na mwalimu hataambiwa kwamba sababu yake ni dereva aliyekuwa na haraka ya kumtangulia mwenzake kituoni kwa ajili ya abiria wawili. Hasara hii haiandikwi katika taarifa yoyote ya ajali. Dereva naye amekwisha tengeneza taa iliyopasuka, na yumo njiani.

Baadhi yenu mtakuwa madereva kabla ya miaka mitano kupita. Katika vyuo vya udereva vya Kenya, mwanafunzi huanza mbele ya ubao wa mji wa mfano: barabara zimechorwa, mizunguko imechorwa, naye husukuma kigari kidogo kwa kidole akieleza atapita wapi na kwa nini. Ni mji safi, hauna mvua wala kituo cha matatu, na kila kitu ndani yake huonekana kutoka juu kama aonavyo ndege. Utimizapo miaka 18, ukasimama mbele ya ubao huo, mwombe mwalimu aweke juu yake pikipiki moja yenye abiria nyuma, sawasawa na nguzo ya kioo cha kigari chako. Kisha uiname mpaka jicho lako liwe mahali pa jicho la dereva, naye akuulize unaona nini.